Mawimbi ya spini: hesabu ni bei chee, mlangoni ndiko unakolipia

Mzee wa Sumaku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mtu kule jukwaa la teknolojia kaandika kwamba "chipu zisizotumia umeme" zinakuja, na watengeneza prosesa wajiandae kufunga virago. Kabandika na picha: mistari ya bluu na nyekundu inapita kwenye kijia chembamba, inakutana na mingine, inatokea upande wa pili. Picha ile naifahamu, ni simulesheni ya mawimbi ya spini. Jambo lenyewe ni la kweli, na ni tamu kuliko alivyolieleza, ila hitimisho lake limeruka ukuta. Nimeona nilifungulie uzi wake kuliko kubishana kule chini.

Tuanzie kwenye sumaku yenyewe. Ndani yake kuna elektroni, na kila elektroni kwa sababu ya spini yake (tabia ya kikwantamu, kama vile inajizungusha) ni kijisumaku. Vijisumaku hivyo vimeelekea upande mmoja kwa kuwa majirani wanashurutishana, kwa nguvu ya kikwantamu iitwayo nguvu ya mabadilishano. Ukikiyumbisha kimoja hakirudi moja kwa moja pale kilipokuwa. Kinabaki kimeinama huku ncha yake ikichora duara kuuzunguka uga wa sumaku. Jirani yake naye anainama, akichelewa kidogo, na jirani wa jirani hivyo hivyo. Kule kuchelewa kunakopokezana ndiko wimbi la spini. Elektroni yenyewe haiondoki mahali pake. Felix Bloch aliligundua hili kwa kalamu mwaka 1930, akitafuta sababu ya usumaku kupungua joto linapopanda. Chembe moja ya nishati ya wimbi hilo inaitwa magnoni.

Sasa watu wa kompyuta wamelipendea nini? Kwenye waya wa kawaida taarifa hubebwa na elektroni zinazotembea, zinagongana na atomi, na chipu inapata moto. Ndiyo maana tangu miaka ya 2005 hivi kasi ya saa ya prosesa imekwama kwenye GHz chache. Transista zinaongezeka lakini joto halina pa kwenda. Wimbi la spini linaweza kupita hata kwenye kitu kisichopitisha umeme kabisa. Halafu kuna suala la urefu wa wimbi, ambalo kwangu mimi ndilo lenye uzito zaidi. Mikrowevu ya 5 GHz hewani ina urefu wa sentimita 6. Wimbi la spini la masafa hayo hayo linaweza kuwa na urefu chini ya nanomita 100. Ina maana hesabu za mawimbi, ambazo zamani zilihitaji kifaa cha kujaza meza, unaweza kuzibana ndani ya chipu.

Malkia wa fani hii ni kioo (kristali) kimoja cha itriamu, chuma na oksijeni. Kila mtu anakiita YIG. Kilipatikana mwaka 1956 huko Grenoble, Ufaransa, na Bertaut na Forrat. Sifa yake ni kwamba wimbi likishaanzishwa ndani yake linachelewa kufa: linaishi mamia ya nanosekunde, wakati kwenye pemaloi (aloi ya nikeli na chuma) linazimika ndani ya nanosekunde chache tu. Kwenye vijia vya kiwango cha nano wimbi hutembea takriban kilomita moja kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: kwenye YIG linafika mikromita mia na zaidi kabla halijafifia, kwenye pemaloi halimalizi hata mikromita kumi.

Na unakokotoaje? Kwa fazi, yaani wimbi liko hatua gani ya kupanda na kushuka kwake. Wimbi lililoanza juu liite 0, lililoanza chini liite 1. Yaachie mawimbi matatu yakutane kwenye njia moja: mawili yenye fazi sawa yanalimeza la tatu, na kinachotoka ni jibu la walio wengi. Hiyo ndiyo geti ya wengi (geti ni saketi ndogo inayopokea 0 na 1 na kutoa jibu moja). Kwa transista za kawaida geti hiyo inakula transista kumi na kitu, hapa ni njia tatu zilizoungana basi. Ukishikilia ingizo moja kwenye 0 unapata geti ya NA. Ukilishikilia kwenye 1 unapata geti ya AU. Kugeuza 0 kuwa 1 unarefusha kijia kwa nusu ya urefu wa wimbi, hakuna kingine.

Haya si ya kufikirika. Kikundi cha Kaiserslautern, Ujerumani, mwaka 2014 walionyesha transista ya magnoni, ambamo magnoni za getini zinapunguza mkondo wa magnoni zinazopita hadi mara elfu. Mwaka 2017 wakaonyesha geti ya wengi, ingawa hiyo ilikuwa ya milimita, si ya nano. Mwaka 2020 wao na wenzao wa Vienna wakatoa kapla, yaani kiungo cha vijia viwili vya YIG vyenye upana wa nanomita 350: wimbi linahama kijia kimoja kwenda cha pili bila waya kuvigusanisha, na ukiongeza nguvu ya wimbi, mahali linapotokea panabadilika. Kutokana na vipimo vya kapla hiyo wakaiga kwenye kompyuta saketi ya kujumlisha biti mbili.

Hapo ndipo jamaa wa ule uzi alipoishia. Tatizo linaanza hapo.

Wimbi la spini haliingii kwenye kijia lenyewe. Unaliingiza kwa antena, yaani kistari cha dhahabu juu ya YIG, unapitisha mkondo wa mikrowevu, uga wake ndio unaoyumbisha spini. Ukitaka wimbi fupi lazima antena iwe nyembamba, kwa sababu antena pana haiwezi kulisukuma wimbi fupi kuliko upana wake. Ukiifanya nyembamba ukinzani unapanda, hailingani tena na nyaya za ohm 50, na nguvu nyingi ama inarudi ilikotoka ama inageuka joto pale pale. Kutoka ni yale yale: antena ya pili inaambulia mabaki, halafu unahitaji amplifaya ya transista kuyasikia. Ni feri ya Kigamboni, kuvuka ni dakika chache, foleni ndiyo inayokumaliza.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nishati karibu sifuri", muulize amehesabu kutoka wapi hadi wapi. Msimamo wangu: kama kila geti itageuza umeme kuwa wimbi na wimbi kuwa umeme, fani hii haina maisha mbele ya CMOS, yaani teknolojia ya chipu za leo. Ina maisha pale utakapoingia mara moja, ukafanya kazi nyingi ndani kwa ndani, ukatoka mara moja.

Karibuni tuchambue.

Kiboko wa Mto

Natia nanga hapa. Mkuu umeshusha nondo, ngoja wataalamu waje.

Fundi Mnara

Mkuu salute. Mimi si mwanafizikia, napanda minara ya simu. Ulivyotaja YIG nimekumbuka sakyuleta. Zile zinazokaa kati ya amplifaya na antena, nguvu ikirudi kutoka juu inapelekwa kwenye mzigo wa kuchomea badala ya kuirudia amplifaya. Ukipasua iliyoungua unakuta sumaku, halafu visahani vya keramiki nyeusi vimeibana karatasi ya shaba yenye mikono mitatu. Ile keramiki si ndiyo hii hii?

Mzee wa Sumaku

Fundi umegonga penyewe. Visahani hivyo ni feraiti, na mara nyingi ni ganeti za ukoo huo huo wa YIG. Spini zilizo ndani zinazunguka upande mmoja tu, upande uliochaguliwa na ile sumaku uliyoiona, kwa hiyo mawimbi ya redio yanayokwenda yanakutana na kitu tofauti na yanayorudi. Ndiyo maana mlango wa 1 unapeleka wa 2, wa 2 unapeleka wa 3, na hakuna kurudi. Tofauti na wimbi la spini ninalolisema ni kwamba mle ndani spini zinayumba karibu zote kwa pamoja, jirani hachelewi.

Na hapo umenipa hoja ninayoipenda. Wakati watu wanasubiri "kompyuta ya magnoni", fizikia hii imeshakuwa bidhaa zamani. Vifaa vya kupimia masafa vinavyokaa maabara, vile vya bei ya gari, vingi vina tufe la YIG lisilofika hata milimita moja, limesuguliwa likang'aa. Ukibadilisha uga wa sumaku, masafa linayoyachagua yanahama nao, GHz kadhaa kwa mkupuo. Filta ya kawaida haikupi huduma hiyo. Nikiulizwa miundo ya nano ya mawimbi ya spini itaingia kwetu kupitia mlango gani, nitasema filta na vichelewesha mawimbi vya redio kabla ya prosesa. Kule mawimbi yapo tayari, hayahitaji kutafsiriwa kuwa 0 na 1 kwanza.

Mtata_254

Sawa mkubwa, lakini wacha nikubane kidogo. Nina mambo mawili.

La kwanza ni mwendo. Kilomita moja kwa sekunde ni mikromita moja kwa nanosekunde. Prosesa ya 3 GHz inapiga saa kila theluthi ya nanosekunde. Kwa hivyo kwa pigo moja wimbi lako limesonga theluthi ya mikromita. Ishara ya umeme kwenye waya imeshakwenda mbali maelfu ya mara zaidi. Hii si konokono?

La pili ni kelele ya joto. Magnoni moja ya 10 GHz ina nishati ya jouli 6.6×10⁻²⁴. Nishati ya joto la chumba, kT, ni jouli 4.1×10⁻²¹. Yaani joto ni zaidi ya mara mia sita. Watu wanapiga hesabu ya nishati kwa magnoni moja moja kwenye slaidi zao, na hiyo magnoni moja huwezi kuiona kwenye msitu wa magnoni za joto. Ama?

Mzee wa Sumaku

Mtata maswali yako ndiyo yanayotakiwa. Naanza na la pili kwa sababu nakubaliana nalo mia kwa mia. Slaidi yenye magnoni moja kwenye joto la chumba ni biashara ya maneno. Ishara halisi inabeba magnoni nyingi mno zinazokwenda kwa fazi moja, na unaisoma kwa kusikiliza masafa yake tu, zile za joto zimetawanyika masafa yote. Wanaoshughulika na magnoni moja moja kweli wako kwenye baridi kali, sehemu ndogo tu ya digrii juu ya sifuri kamili, huko ndiko kikundi cha Yasunobu Nakamura cha Tokyo mwaka 2015 kiliunganisha tufe la YIG na kyubiti (biti ya kompyuta ya kwantamu) ya kipitishi kikuu. Hiyo ni biashara ya kompyuta za kwantamu, haina undugu na simu yako ya mkononi.

Mwendo: kama unafanya hesabu moja unasubiri jibu ndipo uanze nyingine, ndiyo, ni konokono. Lakini kwa kazi ya mkondo, mfano kuchuja ishara isiyokatika, unatuma pakiti nyuma ya pakiti, na kijia kimoja kinabeba masafa kadhaa kwa wakati mmoja bila kuchanganyana mradi nguvu ni ndogo. Jibu la kwanza linachelewa, yanayofuata yanamiminika. Zaidi ya hapo, ule uzito wa mwendo ndio unaotengeneza kichelewesha kifupi: ishara ya redio unaichelewesha nanosekunde 100 ndani ya unene wa unywele. Kwa waya wa kawaida ungehitaji mita ishirini hivi.

Binti Makambako

Shikamoo Mzee wa Sumaku. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa tatu, natafuta mada ya mradi. Chuoni hatuna vifaa vya kupimia mambo haya. Je, naweza kufanya kitu cha maana kwa kompyuta tu? Na kule nje wanayaonaje haya mawimbi kwa macho?

Jembe la Zamani

Haya mambo ni ya kuwapa watu wazungu PhD tu. Tuletee kitu cha kumsaidia mkulima.

Mzee wa Sumaku

Jembe, sikulaumu, ila nikupe kisa. Miaka ya 1980 huko Jülich, Ujerumani, Peter Grünberg alikuwa akipima mawimbi ya spini kwa leza kwenye tabaka mbili za chuma zenye kromiamu katikati. Namna mawimbi yale yalivyokaa ikamwonyesha mwaka 1986 kwamba kromiamu ya unene fulani inazifanya tabaka mbili zielekee kinyume. Miaka miwili baadaye yeye, na Albert Fert kule Ufaransa kivyake, wakakuta ukinzani wa tabaka hizo unabadilika vibaya sana ukizigusa kwa uga wa sumaku. Mwaka 1997 kichwa cha kusomea diski kuu ya kompyuta (hard disk) kilichojengwa kwa kanuni hiyo kikaingia sokoni, diski zikaanza kubeba mizigo ambayo hazikuwahi kubeba, na mwaka 2007 wawili hao wakapewa Nobel. Picha za harusi ya mwanao zilikaa kwenye diski kwa sababu ya mtu aliyekuwa akitazama mawimbi ya spini.

Marahaba binti Makambako. Kuyaona: mbinu kuu ni ile ile ya Grünberg. Unamulika leza, chembe ya mwanga ikigongana na magnoni inarudi ikiwa imeongeza au kupunguza masafa kidogo, GHz chache kati ya mamia ya maelfu ya GHz za mwanga, na tofauti hiyo inakuambia magnoni ilikuwa ya masafa gani. Kupenyeza kipimo kwenye tofauti ndogo hivyo kunataka vioo viwili viwili vilivyosimama kwa usawa wa ajabu, meza isiyotikisika, na subira.

Kuhusu mradi, ndiyo, tena sana. Kuna programu ya bure ya kuiga tabia za sumaku kwenye kompyuta, inaitwa mumax3, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Inataka kadi ya Nvidia, hata ile ya kuchezea magemu inatosha. Watafiti wakubwa wanaitumia hiyo hiyo. Nitakuandikia maelezo nikitulia.

Ndugu wa Kolwezi

Salamu kutoka Kolwezi. Nimesoma mahali kwamba hivi vifaa vinatumia kobalti, boroni na chuma. Kobalti tunayo sisi. Bei itapanda?

Mzee wa Sumaku

Ndugu yangu, kobalti, chuma na boroni ni kweli inatumika, ni tabaka muhimu kwenye kumbukumbu za sumaku na kwenye baadhi ya vijia vya mawimbi. Ila tabaka lenyewe lina unene wa nanomita chache. Kinachosukuma bei ya mzigo unaotoka huko ni betri. Hata dunia nzima ikahamia magnoni kesho, mgodini hamtahisi chochote. YIG nayo haina kobalti hata chembe.

Mtata_254

Umejibu vizuri hapo juu. Sasa hebu kiwanda. Hii YIG inapandwa juu ya silikoni ama?

Mzee wa Sumaku

Hapo umegusa kidonda chenyewe, na hakizungumzwi vya kutosha.

YIG nzuri inaoteshwa juu ya kioo kingine, ganeti ya gadoliniamu na galiamu, kwa sababu nafasi za atomi za vioo hivyo zinalingana karibu kabisa. Silikoni hailingani nayo. Ukiiweka YIG juu ya silikoni inajipanga vipande vipande, na mipaka ya vipande inaua mawimbi. Halafu ili iwe kioo inataka kupashwa joto la nyuzi 700 au 800. Chipu ikishawekewa nyaya zake haivumilii zaidi ya nyuzi 400 hivi. Sasa utaipika YIG saa ngapi? Mbele ya transista au nyuma yake? Wapo wanaoiotesha kwenye kioo chake kisha wanaibandua na kuihamishia kwenye silikoni. Wapo waliogeukia metali zinazokubali kukaa na silikoni na wakavumilia kufifia haraka. Imec, kituo cha utafiti wa chipu kule Leuven, Ubelgiji, wamekazania ule mlango niliousema: badala ya mkondo kwenye antena, wanataka kuyumbisha spini kwa volteji, kupitia tabaka linalovutika ukiliwekea umeme na kuivuta sumaku iliyo juu yake. Volteji bila mkondo mkubwa ina maana joto dogo. Mimi naona nguvu ingewekwa huko kuliko kwenye kutoa geti mpya kila mwezi. Mageti tunayo ya kutosha.

Fundi Mnara

Na hii habari ya akili mnemba kwa mawimbi?

Mzee wa Sumaku

Mwaka 2021 zilitoka kazi mbili za karibu karibu zinazompa kompyuta achore kifaa mwenyewe. Unamwambia unataka nini, wimbi likiingia hapa litokee pale, na yeye anatoboa matundu au anapanga sumaku ndogo juu ya YIG, anajaribu, anarekebisha, mpaka inakaa. Wale wa Budapest, Hungaria, na Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walikwenda mbali zaidi wakaonyesha kwamba sahani moja ya YIG inaweza kufanya kazi ya mtandao neva (mfumo wa akili mnemba unaojifunza kwa mifano), kwa kuwa wimbi likiwa na nguvu linaanza kujibadilisha lenyewe, na mtandao neva unakula hiyo tabia. Ile yao ilikuwa simulesheni. Lakini angalia: ishara inaingia mara moja, inachanganyika humo, inatoka kwenye milango michache. Inakwepa ule ushuru wa kila geti. Ndiyo maana naipa nafasi kuliko kisaketi cha kujumlisha.

Binti Makambako

Mzee nasubiri yale maelezo. Laptop yangu haina Nvidia.

Mzee wa Sumaku

Sijasahau. Bila Nvidia tumia Google Colab, wengi wanaendesha mumax3 huko bure, ikikatika unaanza tena. Au chukua OOMMF, programu ya aina hiyo hiyo kutoka taasisi ya vipimo NIST, Marekani, inakubali prosesa ya kawaida, ila polepole.

Anza na kijia cha pemaloi: usumaku 800 kA/m, nguvu ya mabadilishano 13 pJ/m, kigezo cha Gilbert (kinachosema wimbi linafifia haraka kiasi gani) 0.01. Ukubwa wa seli (vipande ambavyo programu inakigawa kijia) usivuke nanomita 5, kwa sababu urefu wa mabadilishano wa pemaloi ni nanomita 5.7, seli kubwa kuliko hapo inakudanganya na wala haikuonyi. Ukihamia YIG (140 kA/m na 3.5 pJ/m) urefu huo unafika nanomita 17, unaweza kupumua kidogo.

Katikati ya kijia weka pigo fupi la uga lenye umbo la sinc (sin x gawanya kwa x), ukiikata kwenye 20 GHz, ili masafa yote ya chini yaamshwe kwa pamoja. Hifadhi usumaku kila pikosekunde 25 au pungufu, kwa nanosekunde 20. Hapo utatofautisha masafa kwa 50 MHz. Kisha fanya Fourier (hesabu ya kuchambua ishara kuwa masafa yake) kwa muda na kwa nafasi, utapata mkunjo wa masafa dhidi ya namba ya wimbi. Ncha mbili za kijia panda kigezo cha Gilbert taratibu hadi kifike karibu 1, la sivyo mawimbi yanagonga mwisho na kurudi, na grafu yako itajaa mistari isiyokuwepo.

Kijia chembamba chenyewe hupenda kuelekeza usumaku kwa urefu wake, hata bila uga wa nje. Ukikiacha hivyo, hasa kikiwa kinene kidogo, utaona mkunjo unashuka kwanza ndipo unapanda. Usifute kazi ukidhani umekosea alama: eneo lile linaloshuka, pakiti inakwenda mbele huku vilele vyake vinarudi nyuma. Ukitaka mkunjo unaopanda tangu mwanzo, elekeza uga kukata kijia kwa upana, na uwe na nguvu ya kuushinda ule upendeleo wa umbo. Chora yote mawili kwenye grafu moja, iweke hapa, tuone pale yanapokutana.